Kitanda Kinachoingia Majini

Siku Lesiamon aliponiambia kwamba boti imeanza kukwaruzwa tumboni, nilikuwa na vitanda vya wateja ambavyo havijaisha, na nilimjibu vibaya. Nilimwambia boti yake ipange foleni kama watu wengine. Kisha nikachukua tochi nikaenda kuchungulia chini ya turubai, kwa sababu ndivyo nilivyo: nakataa kwanza, halafu naenda.

Boti yetu hulala nyuma ya nyumba, hapa Karatu mjini, juu ya trela lake. Majirani wanatuita watu wa Nuhu, na siwalaumu. Maji yaliyo karibu nasi ni ya bomba, nayo huja kwa zamu. Lakini Ziwa Eyasi liko huko chini, ukishapita mashamba ya vitunguu ya Mang'ola. Mvua zikinyesha vizuri ziwa hujaa, na mwenye boti hupata kazi ya kuvusha wavuvi na samaki wao. Kiangazi maji hukimbia, na boti tunairudisha nyumbani.

Trela lenyewe ni chasisi ya chuma yenye matairi mawili, na juu yake mbao mbili ndefu, moja kulia, moja kushoto. Boti hulala juu ya hizo mbao. Aliyetuuzia alikuwa amezivika zulia ili boti isichubuke na pia isiteleze. Sisi tunaziita kitanda. Sasa zulia lilikuwa limebaki nyuzi, na nilipochoma mbao kwa bisibisi ilizama kama kijiko kwenye uji. Vichwa vya misumari vilikuwa vimetokeza, na kila trela liliporuka kwenye shimo la barabara vilikuwa vikiichora boti. Mkwaruzo mmoja ulikuwa umefika kwenye nyuzi za fibaglasi. Nilimwita mume wangu, nikamshika mkono, nikakiweka kidole chake humo.

Alijua, nami nilijua, kwamba ile si boti tu. Lesiamon ni Mmaasai wa Endulen. Baba yake, mzee Lekishon, alikuwa amemgawia fungu lake la mitamba, naye akawauza wote akanunua boti. Kwao mtu huuza dume akiwa na shida. Mtamba hauzwi ovyo, maana ukimuuza umeuza na watoto wake na wajukuu wake. Na kuuza mitamba ili ununue chombo cha kuvushia samaki, kitu ambacho mzee Lekishon hali na hataki hata kukinusa, hilo lilikuwa tusi juu ya tusi. Mzee hakulaani wala hakugomba. Aliacha tu kumtaja mwanawe. Mama mkwe ndiye aliyekuwa akitupigia simu, kwa kujificha, akienda kuchota maji.

Lawama yangu mimi ilikuwa kubwa zaidi. Mimi ni mwanamke wa Kimbulu, binti wa seremala Wilibrodi wa Kansay, na kazi ya baba ndiyo ninayoifanya. Huko Endulen walisema nimemfundisha mtoto wao kupenda mbao kuliko ng'ombe. Tena tulifunga ndoa hapa Karatu, kanisani, sikuingizwa bomani kwa mzee kama bibi harusi wa kwao. Bibi harusi wa kwao akifika, baba mkwe humpa ndama, na tangu siku hiyo huitana "Paashe", mkwe kwa mkwe, kwa sababu ya yule ndama. Ni jina la heshima, na lina utani ndani yake. Wake za shemeji zangu wote ni Paashe. Mimi kabla mambo hayajatengenezwa mitamba walikuwa wameshauzwa, kwa hiyo sikupewa ndama wala jina. Nilikuwa "yule wa Karatu". Nilikuwa nikisema sijali. Nilijali sana.

Basi mwaka huu mvua zikaja vizuri, wavuvi wakaanza kumtafuta Lesiamon, na wiki hiyohiyo mama mkwe akapiga simu. Mzee anakuja Karatu kwenye mnada. Amesema akitoka mnadani atapita kuona kitu kilichokula ng'ombe wake.

Lesiamon aliniambia habari hiyo amekaa juu ya benchi langu la kazi, miguu inaning'inia.

"Akikuta boti imetoboka, Marsela, basi. Atasema aliniambia. Sitakuwa na baba tena."

"Shuka kwenye benchi," nikamwambia, "nianze kazi."

Tulimwita jirani yetu Adrian, dereva mwenye pikapu, aje na jeki. Tukainua boti taratibu, tukaiegemeza juu ya mapipa na matairi ya zamani, tukalivuta trela likabaki wazi. Bolti zilikuwa zimekula kutu mpaka spana inazunguka bila kushika, ikabidi nizikate kwa msumeno wa chuma. Mbao za zamani zilianguka vipandevipande. Aliyezivika zulia alilipiga misumari kutoka juu, kazi ya mtu asiyemwonea huruma atakayelala hapo. Mimi nilichagua mninga mkavu, nikauranda, nikazungusha kingo zake, nikatoboa matundu kwa keekee na kuchimbia vichwa vya bolti ndani kabisa ya mbao ili visiguse boti hata zulia likiisha. Zulia nililipata kwa fundi wa viti vya magari. Lesiamon alijaza ule mkwaruzo kwa dawa ya fibaglasi na kuupiga msasa. Nasema bila haya, ilikuwa kazi nzuri.

Zulia lilikuwa bado limekunjwa, mbao zimeshafungwa kwenye trela, mzee Lekishon alipotokea. Hakungoja mnada. Alikuwa amepata lifti ya lori la mahindi lililokuwa likirudi tupu kutoka Endulen, akaja siku moja kabla. Mrefu, shuka zake mbili, fimbo, na begani amebeba ngozi ya ng'ombe iliyokunjwa.

"Takwenya," akanisalimu.

"Iko, baba," nikaitikia kwa Kimaasai.

Lesiamon aliinamisha kichwa kama mtoto wa kwao anayeamkia, pamoja na ndevu zake zote na miaka yake yote, na mzee akakigusa kwa kiganja. Kisha akaenda moja kwa moja kwenye boti. Akaizunguka. Akaigonga kwa fimbo mahali pengipengi, akisikiliza. Akainama kuangalia pale palipozibwa, akapapasa, akanyanyuka.

"Huyu analala wapi?" akauliza. Alisema "huyu", kama anayeuliza habari za mnyama.

"Pale, baba," Lesiamon akaonyesha trela. "Hicho ndicho kitanda chake. Marsela ametengeneza upya."

"Mama yako aliniambia kitanda kimeoza." Mzee akaishusha ngozi chini, akaikunjua kwa mguu. Ilikuwa nyeusi, ina baka jeupe ubavuni. "Ni Narok. Alikufa kiangazi."

Mume wangu alipiga magoti. Narok alikuwa mama wa wale mitamba, wote, au bibi yao. Lesiamon alimchunga akiwa mtoto.

"Watoto wake wamekuwa hii," mzee akasema, akiigusa boti kwa fimbo. "Basi walale juu ya mama yao."

Sikuwahi kumwona Lesiamon akilia mpaka siku ile. Nami machozi yalinilenga. Lakini huku yananilenga, kichwa changu cha ufundi kilikuwa kinasema: hapana. Trela la boti haliishii ufukweni. Unalirudisha nyuma mpaka ndani ya maji, magurudumu yazame na kitanda kizame, ndipo boti ielee yenyewe. Ngozi mbichi iliyokaushwa kwa jua, ukiilowesha inarudi kuwa kama alivyoichuna mchunaji. Na maji ya Eyasi yana magadi, hata mkono mtupu yanaufanya uteleze.

Nilimvuta mume wangu jikoni.

"Mwambie mzee ngozi haitafaa. Ikilowa itateleza."

"Nimwambie nini? Yeye amezaliwa juu ya ngozi. Nimfundishe ngozi?"

"Basi ikae ukutani. Tuitundike sebuleni."

"Marsela. Mzee hajanipa hata neno tangu niuze wale ng'ombe. Leo amenipa Narok. Na wewe unataka nimwambie hapana?"

"Nitamwambia mimi."

"Wewe?" Hakusema kwa ubaya, najua. Alikuwa amechanganyikiwa. "Wewe huna hata jina kwake. Utaanzaje?"

Mtu akikuambia kweli inayouma hujibu, unaosha vyombo. Nilipomaliza kuosha nilichukua nyundo.

Niliipiga ngozi ile kama inavyotakiwa, manyoya juu, misumari midogo pembeni mwa mbao ambako boti haifiki. Mzee alikaa kwenye kiti akiniangalia. Mara moja tu alisema, "Vuta zaidi hapo," na alikuwa sahihi. Jua likaikausha ikawa ngumu kama bati. Tulipoilaza boti juu yake niliisukuma kwa bega na haikutikisika, nikajiambia labda mimi ndiye ninayejifanya kujua. Mzee alikunywa chai na vikombe vikajazwa tena. Kwenye mnada, siku iliyofuata, Adrian alimsikia akimwambia mzee mwenzake kwamba mwanawe ana kitu kikubwa nyumbani na kinalala juu ya ngozi. Lesiamon alitembea kama mtu aliyepata mtoto wa kiume.

Mzee akasema hatarudi Endulen kabla hajaiona ikiogelea. Kutoka kwao juu, kwenye ukingo wa milima, maisha yake yote amelitazama ziwa lile likijaa na likikauka, lakini hajawahi kusimama kando yake, hata mifugo alikuwa akiinywesha kwenye mito iliyo karibu. Tukateremka wote kwa pikapu ya Adrian, trela nyuma yetu, mimi nimelificha zulia chini ya kiti. Kwa nini nililichukua sijui. Mikono ya fundi ina akili zake.

Ziwani Adrian alirudisha trela majini polepole, boti ikaelea, na mzee, aliyekuwa amesimama juu kwenye nyasi akizungumza na wavuvi, hakuona sehemu hiyo. Aliona tu boti iko majini. Akaipungia fimbo. Injini ikagoma kuwaka. Lesiamon akaifungua, akasafisha plagi, akaifunga, akaifungua tena, na muda wote huo trela lilikuwa limeachwa ndani ya maji, ngozi inakunywa magadi. Hatimaye ikawaka. Lakini kitanda kipya lazima ukijaribu kabla hujaondoka: unaipandisha boti mara moja, unaangalia imekaa sawa au mbao zisogezwe. Hilo nililitaka mimi mwenyewe.

Lesiamon aliiongoza ikapanda. Hakufunga kulabu ya winchi, ile inayoishika pua ya boti pale mbele. Hakuwahi kuifunga kwa mwendo mfupi kama ule, kwa kuwa zulia la zamani lilikuwa likiishika. Akasimama nyuma ya boti, maji kiunoni, mikono yake miwili kwenye injini, akampa Adrian ishara avute.

Trela lilianza kupanda ukingo. Niliona maji yakichuruzika kutoka kwenye ngozi, mazito, kama ya mlenda. Nikaona boti imesogea nyuma kidogo tu, kwa kimya. Nilipiga kelele atoke. Lesiamon hakuuliza kwa nini, na kwa hilo namshukuru Mungu mpaka leo, aliruka pembeni, na boti yote ikateleza ikashuka kwa makalio yake mpaka kwenye tope, pale pale alipokuwa amesimama.

Wavuvi walikimbia kumvuta. Hakuwa ameumia. Boti nayo ilikuwa nzima, tope lilikuwa jingi na laini. Nilimpiga mume wangu kofi la bega, kisha nikamkumbatia, kisha nikaketi kwenye maji.

Mzee alishuka. Alikuwa ametupa fimbo, na sijawahi kumwona bila fimbo. Akamshika mwanawe kichwa, akamgeuza huku na huku, akamwachia. Kisha akalitazama trela lililokuwa nusu ndani ya maji, nusu nje.

"Kitanda kimeingia majini," akasema.

Lesiamon alijifuta tope usoni.

"Kila siku kinaingia?"

"Kila mara, baba," Lesiamon akasema.

"Mimi nilifikiri mnamkokota yeye, kitanda kinabaki nchi kavu." Akaigusa ngozi, akasugua vidole. "Nani analaza kitanda kwenye maji? Hamkuniambia. Ngozi ikinywa maji hata mtoto hasimami juu yake. Mlifikiri mimi sijui?"

Hatukuwa tumefikiri kwamba hajui trela. Tulifikiri hajui ngozi, yeye Lekishon, na tukamwonea aibu na kumnyamazia, tukaiita heshima.

"Nilikuheshimu, baba," Lesiamon akasema.

"Uliniheshimu mpaka mimi nikakuua kwa ngozi yangu." Akanigeukia. "Na wewe, fundi. Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipoikunjua."

"Kwa nini hukusema?"

Hapo hasira zangu zote, za jikoni na za siku nyingi kabla ya jikoni, zikapanda. Nilisimama, nguo zinachuruzika.

"Ningesema nikiwa nani, baba? Wenzangu wote wana jina la kukuita. Mimi nikifungua mdomo naanzia wapi? Nimeipiga misumari ngozi ile huku najua, na leo nilikuwa nibaki mjane kwa sababu ya adabu. Sitafanya tena. Ukinichukia, nichukie, lakini boti hii sitaivika ngozi."

Adrian alijifanya anakagua tairi. Wavuvi waliangalia maji. Mkwe hasemi hivyo na baba mkwe, si Umaasaini, wala kwetu Kansay.

Mzee Lekishon alichomoa kisu chake kiunoni. Akaingia majini na viatu vyake vya matairi, akaanza kukata ngozi kwenye misumari, upande mmoja, kisha wa pili, bila haraka. Alipomaliza aliikunja, maji yakimmwagikia, akaiweka begani.

"Narok ameacha ndama wa mwisho," akasema, mgongo umenielekea. "Jike. Ana baka kama la mama yake. Ni wako. Utakuja bomani kumwona."

Lesiamon alinishika kiwiko.

"Sasa niambie," mzee akageuka. "Hiki kinavikwa nini?"

"Zulia, baba."

Alinitazama tu, kama mtu asiyesikia vizuri. Ikanichukua muda kuelewa anangoja nini.

"Zulia, Paashe," nikasema.

"Lilete, Paashe."

Nilikwenda kulitoa chini ya kiti cha pikapu huku nafuta uso kwa kanga iliyolowa. Nilizivika zile mbao palepale ukingoni, Lesiamon akivuta na mzee akishika kona, na mara mbili aliniambia nivute zaidi na mara moja nilimwambia hapana, ukilivuta sana litachanika, naye akaliachia. Tukaipandisha boti, safari hii kulabu imefungwa. Ikatulia. Adrian akaivuta mpaka nyasini na kuirudisha, haikusogea hata upana wa kidole.

Kisha mzee akaiokota fimbo yake, akataka kupanda. Tulimshika mikono, akaingia, na Lesiamon akawasha injini. Tulipoacha ukingo mzee akasimama katikati ya boti, mguu mmoja umeegemea goti la mwingine, fimbo mkononi, vile wasimamavyo wakiangalia ng'ombe wakila. Boti ikayumba. Lesiamon alimwona, akafungua mdomo, akaufunga. Akanitazama mimi.

"Paashe, keti," nikasema. "Ukisimama hivyo utatuzamisha wote."

Mzee akanigeukia. Akaishusha ngozi ya Narok begani, akaikunjua juu ya ubao wa kukalia, ikiwa bado inachuruzika, akaketi juu yake.